Vyungu Vilivyolia Vizuri Kuliko Vyote

Mkipewa chungu kipya cha kuyeyushia dhahabu, msianze kwa kukigonga. Najua mmefundishwa kukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: kikilia kama kengele ni kizima, kikilia kama debe lenye maji kina ufa ndani. Nami nilifundishwa hivyo, nikawafundisha wengine hivyo, na sauti hiyo ndiyo iliyonidanganya. Kwanza ulizeni kimetengenezwa kwa nini. Kisha kitazameni kwa kioo cha kukuzia, ndani na nje, hasa pale kitako kinapoungana na ubavu. Kukigonga kuje mwisho.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, kuanzia Shinyanga hadi huku Geita, wengine mkiwa na vyeti, wengine mkiwa na simu tu na hamu ya kujua. Mimi niliishia darasa la saba. Nilichunga ng'ombe, nikalima pamba Kishapu, nikafuata wenzangu kwenda kuchimba Rwamgasa, na siku ya kwanza nikagundua kwamba naogopa mashimo. Nikabaki juu, kwenye matanuru. Kwa miaka ishirini na mitatu nilitengeneza vyungu vya udongo vya kuyeyushia dhahabu, nikaandika kwenye madaftari kila kilichovunjika na mahali kilipovunjikia. Nimeacha kazi nikiwa na miaka hamsini na minne kwa sababu ya mapafu. Vumbi la vigae nililovuta wakati wa kutwanga halikutoka tena. Kwa hiyo chukueni hili kabla ya mengine: lowesheni vigae kabla ya kuvitwanga. Ni kazi ya ndoo moja ya maji. Mimi nililijua nikiwa tayari nakohoa.

Aliyenifundisha udongo ni Mama Kabula, mfinyanzi wa Kishapu aliyekuja Rwamgasa na mumewe mchimbaji. Mume alifariki, yeye akabaki, akawa anatengeneza mitungi ya maji na, baadaye, vyungu vya wayeyushaji. Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Siku ya kwanza nilipokaa kando yake nikikanda udongo, wachimbaji waliokuwa wakipita walisimama.

"Baba Minza! Kesho utasuka nywele?"

"Mwacheni," Mama Kabula alijibu bila kuinua kichwa. "Huyu kashindwa shimo, msimfukuze na huku."

Niliona aibu, lakini sikuondoka.

Alinionyesha kwamba udongo mtupu haufai. Ukikauka hunywea, ukinywea hupasuka, na usipopasuka kwenye kivuli utapasuka kwenye moto. Dawa yake ni vigae. Unachukua chungu cha zamani kilichovunjika, unakitwanga, unakichekecha, unachanganya kipimo kimoja cha vigae kwa vipimo viwili vya udongo. Yeye alisema, "Chungu hakifi, kinarudi kwa mwanae." Sababu niliipata baadaye kwenye kitabu cha kemia kisicho na jalada nilichonunua kwa muuza vitabu chakavu mjini Shinyanga. Nilikisoma mara nne, mara ya kwanza bila kuelewa hata ukurasa mmoja. Ufa mdogo ukianza kukimbia ndani ya udongo hukutana na punje ya kigae. Hauwezi kuipita katikati, unalazimika kuizunguka, na katika kuzunguka nguvu zake huisha. Chungu chenye vigae kina nyufa elfu zilizokwama. Chungu kisicho na vigae kina ufa mmoja uliofika.

Lakini punje ya kigae inasaidia tu kama imeshikana na udongo unaoizunguka. Pale zinapokutana pana mpaka, na ubora wa chungu chote uko kwenye mipaka hiyo midogo usiyoiona. Madaftari yangu yote, ukiyafupisha, yanasema hivyo tu.

Kiangazi kimoja tulichimba udongo kwenye shimo jipya. Ulikuwa laini, mweusi, wenye vidoa vyeupe vidogo kama mchele uliovunjika. Vyungu vilitoka motoni vizuri. Siku ya tatu vikaanza kulia vyenyewe kwenye rafu: tap, tap. Vipande vidogo vilikuwa vinaruka kutoka ubavuni, kila kimoja kikiacha shimo lenye unga mweupe ndani.

Mama Kabula alisema ni kijicho. Kuna mama muuza dagaa alikuwa amepita siku ya kuchoma, akasimama, akasema, "Mama Kabula, mwaka huu utatajirika." Basi. Alipopita tena, Mama Kabula alimfukuza kwa mwiko.

"Pita mbali na moto wangu!"

"Nimefanya nini mimi?"

"Mdomo wako unajua ulichofanya!"

Mimi nilichukua kidoa kimoja cheupe kutoka kwenye udongo mbichi, nikakiweka juu ya bati, nikakikamulia ndimu. Kikatoa povu. Nilimwita Mama Kabula, nikakamulia kingine mbele yake, na cha tatu. Lilikuwa jiwe la chokaa. Ukilichoma linageuka chokaa mbichi, nayo inakunywa unyevu wa hewa polepole, inavimba, na kwa kuwa imefungiwa ndani ya ubavu wa chungu inausukuma mpaka upasuke. Ndiyo maana inachukua siku. Tulibadilisha chekecheke, tukatumia yenye matundu madogo zaidi, na tap tap ikaisha.

Mama Kabula aliangalia lile povu muda mrefu. Kisha akacheka, akajifunga kanga, akachukua mtungi mpya na kwenda nao kwa muuza dagaa kuomba radhi. Jioni ileile. Aliporudi aliniambia, "Haya, Profesa, umenishinda."

Jina likashika. Mpaka wenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu wakawa wanasema, "Mwiteni Profesa aje aone." Nililipenda. Sitawaficha kwamba nililipenda kuliko lilivyonifaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Vigae vilianza kuadimika. Watu walikuwa wameacha mitungi, wanateka maji kwa ndoo za plastiki, na ndoo ya plastiki ikipasuka haitwangwi. Tulikuwa tunazunguka vijijini kuomba vyungu vibovu na kurudi na nusu kiroba. Wakati huohuo nyuma ya mtambo tuliokuwa tunauuzia palikuwa na rundo kubwa la vyungu vyetu wenyewe, vilivyotumika na kutupwa, vyenye utando wa kijani na kahawia ndani kama chupa iliyoyeyuka. Nilimwambia Mama Kabula tuvitwange hivyo.

"Hivyo hapana," alisema.

"Kwa nini mama? Ni udongo wetu uleule."

"Chungu kilichopikiwa dawa hakitwangwi. Kinafukiwa. Hata kwa mama yangu ilikuwa hivyo."

"Hakikupikiwa dawa. Ni boraksi tu."

Boraksi mnaijua: unga mweupe unaotupwa ndani ya chungu pamoja na dhahabu, uyeyushe mchanga na kutu ili vielee juu na dhahabu ibaki chini safi.

"Na hiyo boraksi kazi yake nini?"

"Kula uchafu."

"Basi ni dawa. Umeitia ndani ikale. Unadhani imeshiba?"

Nilicheka. Nilikuwa nimeshinda kwenye chokaa, nikadhani ushindi ule ulikuwa wa maisha. Kichwani mwangu mwiko wa chungu cha dawa ulikaa kapu moja na kijicho cha muuza dagaa. Nami nilikuwa na kitabu. Kitabu kile kilikuwa na ukurasa mzima juu ya boraksi, kinasema inayeyusha kutu na mchanga. Na udongo, ndugu zangu, ni nini kama si jamaa ya mchanga? Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo mara nne.

Mama Kabula alipata msiba Kishapu, akaondoka. Alipokuwa kwenye matanga nilitwanga lile rundo. Nilitengeneza vyungu thelathini na sita, kipimo kimoja kwa viwili, nikavikausha vizuri kivulini, nikavichoma kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe kama kawaida. Vilipopoa nikavigonga.

Sijawahi kusikia vyungu vikilia vile. Sauti ndefu, safi, isiyo na mkwaruzo. Nilivigonga vyote thelathini na sita, nikaandika "nzuri sana" mara thelathini na sita.

Wa kwanza kuchukua alikuwa Shija, myeyushaji wa ule mtambo, rafiki yangu tangu siku nilipokimbia shimo. Shija alisifika kwa mkono. Angeweza kuinua chungu kilichojaa dhahabu ya moto kwa koleo, akatembea nacho hatua tano hadi kwenye kalibu ya kumiminia, huku akimalizia hadithi ya mbuzi wa mjomba wake, na uso wa ile dhahabu usitikisike. Alikigonga kimoja, akakiweka sikioni.

"Profesa, hiki kinaimba kwaya."

"Chukua kumi."

"Nichukue kumi nianzishe kanisa?"

Akachukua kumi. Vingine nikavipeleka kwenye mialo, sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, pale Rwamgasa, na vichache vikaenda Runzewe.

Chungu cha kwanza alichokitumia kilihimili mara mbili. Mara ya tatu nilikuwepo, saa sita mchana, nimeleta koleo nililomnyooshea. Shija alizima feni ya tanuru, akasubiri kama kawaida, akakibana chungu mdomoni na kukiinua. Hakikupasuka. Ningekuwa nimesikia mlio wa kupasuka ningeelewa. Mdomo ulijikunja ndani taratibu, kama kitambaa kilicholowa, na chungu chote kikalala upande. Kilichokuwa ndani kilimwagika juu ya mguu wake wa kulia.

Wakati wengine wanamwagia maji, mwenye mtambo alikuwa anapiga kelele.

"Umekibana kama unaua nyoka! Mkono ulikuwa unatetemeka, nimeuona!"

Hakuwa ameuona. Alikuwa amegeukia upande mwingine, anaongea na simu. Lakini mtu mmoja akasema, "Kweli, ulitetemeka," na wa pili akasema ni usingizi, na ndani ya dakika chache jambo likawa limeshapata sababu. Shija alikuwa amekaa chini, meno yameumana. Hakubisha. Alikuwa anaangalia mkono wake.

Mimi sikusema kitu. Siku ile sikuwa na la kusema, nilikuwa sijui. Niliokota vipande vya chungu, nikavifunga kwenye gazeti.

Walimpeleka zahanati, wakamfunga bandeji, wakamwambia arudi kila baada ya siku mbili kusafishwa kidonda. Mwenye mtambo alisema aliyeunguzwa na uzembe wake ajiuguze. Mke wa Shija, Mama Pendo, akaja kumchukua, wakaenda nyumbani kwao Runzewe.

Siku ya tatu baada ya ajali nilichukua kipande cha ule mdomo, nikakisugua kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, mpaka kikang'aa. Nikakitazama kwa kioo cha kukuzia juani. Kila punje ya kigae ilikuwa imezungukwa na utando mwembamba unaometa, kama mafuta yanavyozunguka nyama kwenye mchuzi uliopoa.

Nilielewa pale pale, nimesimama. Boraksi ikiyeyuka ndani ya chungu hujipenyeza kwenye udongo na kuwa aina ya kioo. Kioo hicho hakiondoki kwa kutwangwa. Kwenye moto wetu wa kuni kiliyeyuka kidogo, kikaziba vitundu, kikaunganisha punje, kikapoa kikawa kigumu. Ndiyo sababu ya sauti ile nzuri. Kwenye moto wa dhahabu, ulio mkali zaidi, kiliyeyuka tena, kikawa chepesi kama asali iliyopashwa. Punje zilikuwa ngumu. Udongo ulikuwa mgumu. Katikati yake palikuwa na maji ya kioo, na chungu kizima kikawa kinateleza juu ya mipaka yake yenyewe. Mkono wowote ungekikunja.

Siku ya nne na ya tano nilikodi pikipiki nikavikusanya vyungu vyote thelathini na vitano vilivyobaki. Niliwaambia watu nimebadilisha umbo la mdomo, nawaletea vipya, na niliwapa vya zamani vya akiba vilivyotengenezwa kwa vigae vya mitungi. Walinisifu. "Profesa anajali kazi." Hata Runzewe nilifika. Shija alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale niliposhusha vyungu. Sikwenda.

Nilijiambia sina uhakika bado. Fundi makini hasemi kabla ya kupima. Basi nikapima, na kipimo chenyewe ni kizuri, mkitumie: tengenezeni vipande virefu kama kidole, udongo uleule, kipimo kilekile, ukaushaji uleule, mbadilishe kitu kimoja tu. Mimi nilitengeneza vya aina tatu: vya vigae vya mtungi, vya vigae vya chungu kilichovunjika kabla ya kutumika, na vya vigae vya chungu kilichotumika. Nilivikausha siku tano. Nikavichoma. Nikavilaza kwenye tanuru juu ya matofali mawili kama daraja, kila kimoja na uzito uleule wa chuma katikati. Nikarudia mara tatu. Aina mbili za kwanza zilibaki zimenyooka. Ya tatu ilining'inia kila mara kama mshumaa uliosahauliwa juani.

Katikati ya siku hizo Mama Kabula alirudi kutoka msibani. Alikuta rundo la vyungu vipya vimepondwa uani. Aliokota kipande, akakilamba kwa ncha ya ulimi kama anavyofanya kwenye udongo, akakitema.

"Ulivitwanga."

"Ndiyo, mama."

"Na Shija ameshajua?"

"Bado nahakikisha."

Alikaa kwenye kigoda chake. Nilitegemea aseme "nilikwambia", lakini hakusema.

"Mimi uliponionyesha ile ndimu," alisema, "jua lilikuwa halijazama nikawa kwa muuza dagaa. Wewe unahakikisha nini?"

"Kwamba ni boraksi. Ikiwa si yenyewe, nitakuwa nimejisema bure."

"Wapo waliokwisha kusemwa bure, baba."

Akanawa mikono, akaingia ndani. Nami nikarudi kuangalia kama vipande vyangu vimekauka.

Baadaye nilifanya yaliyonipasa. Nilimwambia mwenye mtambo mbele ya wafanyakazi wake wote kwamba kosa lilikuwa la chungu na chungu kilikuwa changu, nikamwonyesha vile vipande vitatu. Nilipoteza wateja, na wengine walirudi baada ya mwaka. Rundo la vyungu vilivyotumika tulilifukia, na mpaka naondoka kazini kila chungu kilichotumika kilifukiwa. Nimewaandikia kipimo na nimewaandikia sababu. Mambo hayo yote niliyafanya kwa mpangilio mzuri, na madaftari yanaonyesha. Lakini yalitanguliwa na siku ya kumi na tatu.

Siku hiyo, nikiwa na uhakika wangu wote, nilinunua machungwa nikaenda Runzewe. Nyumbani kwa Shija jirani aliniambia wako hospitali. Nilimkuta kwenye kitanda cha pembeni, amelala chali, shuka limemfunika hadi kifuani. Chini ya goti la kulia shuka lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Mama Pendo alikuwa ameketi mkekani kando ya kitanda.

"Karibu, shemeji," alisema. "Walikata juzi."

Hakurudi kusafishwa kidonda. Mkewe ndiye aliyenieleza, Shija akisikiliza kama anayezungumziwa ni mtu mwingine. Alikuwa amekataa kurudi zahanati. Kila alipombembeleza alimjibu kwamba mtu aliyemwaga dhahabu ya watu kwa mkono mbovu hana uso wa kwenda kuomba kitu popote, kidonda kitapona chenyewe. Mpaka harufu ilipokuja.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa machungwa.

"Shija," nikasema, "mkono wako haukutetemeka."

Aligeuza kichwa.

"Rudia."

"Haukutetemeka. Ni chungu. Nilitwanga vyungu vyenye boraksi nikavichanganya kwenye udongo. Kililegea kwenye moto. Hata angekishika nani, kingejikunja."

"Kwa hiyo nilikibana vizuri?"

"Ulikibana kama siku zote."

Aliutoa mkono wa kulia chini ya shuka, akaunyoosha mbele ya uso wake, vidole vimetanuka. Ulikuwa umetulia kabisa. Aliuangalia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona Shija akilia.

Mama Pendo hakuwa anaangalia mkono. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Shemeji, haya umeyajua lini?"

Ningeweza kusema jana. Kipimo kilikuwa kimeisha jana.

"Siku ya tatu," nilisema.

Shija aliurudisha mkono chini ya shuka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekumbuka tu:

"Siku ya tatu mguu nilikuwa bado naukanyagia."

Mama Pendo aliinuka kutoka mkekani. Aliuchukua ule mfuko wa machungwa kutoka juu ya kitanda, pale nilipokuwa nimeuweka, akaufunga mdomo wake vizuri, akanirudishia mkononi.

"Nenda nayo," alisema. "Safari ya kurudi ni ndefu."